Bwana DC Mpya na Faili Yake

Kabla ya 1920 serikali ya mkoloni upande huu wetu ilikaa Mumias, karibu na boma la Nabongo Mumia, kwa sababu misafara ya biashara ilipita huko na Waingereza walikuwa wamekaribishwa huko tangu miaka ya 1890. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo yakahamishiwa Kakamega. Mji ukaanza kuota kuizunguka ofisi: gereza, nyumba za makarani, maduka, na baadaye mitaa ya kuishi kama Amalemba, ninakoandikia haya.

Pamoja na ofisi kukaja kitu ambacho hakionekani kwenye picha za zamani. Kila baada ya miaka miwili mitatu, wakati mwingine mapema zaidi, alishuka hapa DC mpya ambaye hakujua lolote.

Si ati alikuwa mjinga. Wengi wao walikuwa wamesoma vyuo vikubwa vya Uingereza, na wengine walishatawala Lamu au Turkana kabla ya kuletwa huku. Lakini kuhusu hapa alikuwa mtupu kabisa. Anapewa nyumba, askari wanampigia saluti, halafu kesho yake asubuhi anatakiwa aamue kesi ya mpaka iliyoanza kabla yeye hajazaliwa. Akusanye kodi. Ajue ni chifu yupi anayeogopwa na yupi anayeheshimiwa, maana hivyo ni vitu viwili. Na pale tu alipoanza kutofautisha Isukha na Idakho bila kuuliza karani, likizo inafika, anapanda meli kwenda kwao, na akirudi anapelekwa Machakos. Anayekuja nyuma yake anaanza sufuri.

Ebu fikiria unaendesha serikali nzima kwa watu wanaosahau kila kitu kila baada ya miezi thelathini. Ilibidi mkoloni atafute dawa, na dawa aliyoipata ndiyo ile ile ambayo mimi na vijana wenzangu tunaojitafutia riziki kwa kompyuta tunahangaika kuivumbua upya sasa hivi, tukidhani ni mambo ya juzi.

Ukifanya kazi na msaidizi wa AI unajua ninachosema. Jana mmeshinda naye mchana kutwa. Amejua mradi wako, amejua kwamba neno fulani mlikubaliana lisitumike, amejua mbona mliacha njia ya kwanza mkachukua ya pili. Leo unafungua kikao kipya, naye anakusalimia vizuri sana kama mgeni aliyeshuka stendi sasa hivi. Hakumbuki. Siku hizi baadhi ya programu huweka kumbukumbu kidogo pembeni, lakini hizo nazo ni maandishi anayosomeshwa upya. Chochote anachokijua kuhusu kazi yako lazima kiingizwe ndani ya kile wanachokiita dirisha la muktadha, yaani maandishi yote anayoweza kuyaona kwa wakati mmoja.

Dirisha hilo lina ukubwa wake, na ukubwa hupimwa kwa tokeni, vipande vidogo vya maneno. GPT-3, iliyotoka mwaka 2020, ilikuwa na nafasi ya tokeni 2,048, kitu cha kurasa chache tu. Februari 2024 Google wakatangaza Gemini 1.5 yenye kufikia tokeni milioni moja. Utasema basi tatizo limekwisha, mwage kila kitu mle ndani. Halijaisha. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mashine hizi zilitumia vizuri zaidi habari iliyokuwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na ile ya katikati mara nyingi ikawapotea. Tena sisi tunaoandika Kiswahili tuna adhabu yetu ya ziada: maneno yetu hukatwakatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hivyo maelezo yale yale huchukua nafasi kubwa zaidi na gharama kubwa zaidi. Kumbe hata humu ndani tunatozwa kodi.

Ndiyo maana watu wameangukia ujanja mmoja. Unaandika faili fupi ya kusomwa kwanza. Waandishi wa programu wengi huiita AGENTS.md, mimi yangu naiita SOMA KWANZA. Mradi ni upi, umefika wapi, nini hakiguswi. Kikao kikianza, msaidizi anaisoma kabla ya kusema neno, na baada ya sekunde chache anaongea kama mtu aliyekuwepo jana.

Sasa rudi kwa Bwana DC. Yeye alikuwa na maandishi ya aina mbili. La kwanza lilikuwa kitabu kinene kilichokaa ofisini, kitabu cha kumbukumbu za siasa za wilaya, ambamo maofisa waliopishana waliandika historia ya koo, mipaka, vita vya zamani, nani alifanywa chifu na kwa nini. Kitabu hakikuhama. Mtu alikuja, aliandika, akaondoka, kitabu kikabaki. La pili lilikuwa ripoti ya makabidhiano, ambayo DC anayeondoka alimwandikia anayeingia. Hiyo ilikuwa fupi ukilinganisha, na ilizungumzia ya sasa: daraja gani limevunjika, kesi gani inanuka, karani gani ni hodari, chifu gani mlevi. Tabia za machifu zilipewa nafasi ya kutosha, mmoja baada ya mwingine, kama ripoti ya shule ya mwisho wa muhula. Maandishi ya wilaya yetu bado yapo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi, chini ya alama DC/NN, herufi mbili za mwisho zikiwa ni za North Nyanza, jina ambalo wilaya ilipewa baadaye.

Nikitazama mpangilio ule kama fundi, lazima niusifu. Kitabu kirefu kinachotulia mahali pamoja, na karatasi fupi inayosomwa siku ya kwanza na kukuelekeza ufungue wapi kwenye kitabu. Ndivyo hasa wajuzi wa AI wanavyoshauri leo: faili ya mwanzo iwe fupi, ielekeze kwenye faili nyingine, na hizo nyingine zifunguliwe zinapohitajika tu. Hata skwodi anayeshikia dereva wa matatu kwa saa mbili hapewi historia ya gari. Anaambiwa breki zinashika chini, mafuta yako nusu, na leo askari wako wapi. Anaondoka.

Lakini nimesoma historia ya dhahabu ya hapa kwetu, na hiyo ndiyo ilinifanya niache kuishangilia faili ya DC.

Mwaka 1930 serikali ya Kenya ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Wakati huo waziri wa makoloni London alikuwa Sidney Webb, aliyekwisha kupewa jina la Lord Passfield. Sheria ilisema ardhi ya maeneo yaliyotengewa Waafrika imewekwa kwa ajili yao milele. Ikitokea serikali inahitaji kipande kwa kazi ya umma, basi kipande kingine cha thamani ile ile kiongezwe mahali pake, na kabla ya hapo wenyeji na halmashauri yao waelezwe na kusikilizwa. Maofisa waliieleza kwenye mabaraza. Watu walikuwa na sababu ya kuitilia shaka, maana walishaona ya Wakikuyu na ya Wanandi, lakini ahadi ni ahadi, na hii ilikuwa imeandikwa.

Mwaka uliofuata, 1931, Mmarekani mmoja mkulima, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega. Ilikuwa miaka mibaya. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima, nzige walikuwa wamepita, na masetla wengi walikuwa wanaelekea kufilisika. Habari za dhahabu zikawafikia kama habari za chakula. Kufikia 1932 mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga mahema kwenye mashamba ya watu, wakichimba mitaro katikati ya mtama na viazi. Serikali ikamleta mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, aje aangalie, naye akasema kuna mali ya kutosha.

Hapo sheria ya 1930 ikawa mfupa kooni. Kuichukua ardhi ya migodi kungemaanisha kutafuta ardhi nyingine ya kuwapa watu, na ardhi hiyo ingetoka wapi kama si kwa masetla wenyewe? Kungemaanisha pia kuwauliza watu. Basi Desemba 1932, haraka haraka, Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi likaibadilisha. Ardhi ya migodi ingeweza kutolewa bila kuongeza nyingine mahali pake, fidia ikawa pesa, na lile sharti la kuwaarifu wenyeji na halmashauri yao kwanza likaondolewa. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Kelele zilipigwa, hata Uingereza. Bunge lao lilijadili jambo hilo mapema 1933, na baadhi ya waliolalamika walikuwa watu wa himaya ile ile. Haikusaidia. Migodi ikaendelea, na uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote ulikuwa Rosterman, kilomita chache kutoka hapa Amalemba. Ulifungwa mwaka 1952. Jina limebaki, na mashimo yamebaki, na hadi leo wapo vijana wanaoshuka humo kwa kamba kutafuta kilichosahauliwa.

Kinachonishika mimi katika kisa hicho ni kitu kidogo ambacho wanahistoria hawakai nacho sana, kwa sababu wao wana mambo makubwa ya kufuata. Mfikirie ofisa anayeletwa Kakamega baada ya 1932. Anakaa mezani na kusoma sheria inayotumika. Inasema fidia ni pesa. Haina pengo, haina kovu, imenyooka. Anatoka nje kwenda barazani, na mzee mmoja anasimama na kumwambia: mlituahidi shamba kwa shamba. Kwa ofisa, mzee huyu ni mkaidi au amechanganyikiwa. Faili iko wazi. Mzee hana karatasi, ana kumbukumbu tu ya siku alipoambiwa.

Mtu anayeanza kazi kwa kusoma faili hana kitu kingine cha kuipima hiyo faili. Hata akiwa mwaminifu kabisa, hata akiwa mpole, ataamini lililoandikwa leo, na atalitekeleza kwa dhamiri safi. Anayeweza kugundua kwamba kuna sentensi imetolewa ni yule aliyekuwepo sentensi ilipokuwa bado ndani. Kwa hivyo serikali ya maofisa wanaohamahama ni serikali inayoweza kugeuza neno lake bila aibu, kwa sababu yule aliyetoa neno hayupo na yule aliyepo hakulitoa. Sisemi walihamishwa kwa ajili hiyo. Walihamishwa kwa sababu nyingi, za afya na cheo na kuogopa wasizoeane sana na wenyeji. Nasema hayo ndiyo yaliyotokea.

Wazee nao hawakukaa kimya. Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Morris Carter, ilianza kazi mwaka ule ule wa 1932, na watu wa Nyanza ya Kaskazini walikuwa kati ya waliotoa ushahidi. Ushahidi wa nchi nzima ulichapishwa katika vitabu vitatu vikubwa. Vitabu vitatu! Nani angevisoma akiwa na kesi kumi za kuamua kabla ya chai? Ripoti yenyewe ilitoka 1934, na kwa mtu aliye ofisini ripoti ndiyo iliyobeba kazi. Sauti ya mzee iliingia kwenye kitabu kinene. Uamuzi uliingia kwenye karatasi fupi. Hapo ndipo pa kuangalia sana kwenye kila mpangilio wa namna hii, wa wakati ule na wa leo: si kiasi gani kimehifadhiwa, bali nini kilipata nafasi kwenye ukurasa unaosomwa siku ya kwanza.

Makabidhiano makubwa kuliko yote yalikuwa ya Desemba 1963, nchi nzima ilipokabidhiwa. Na hapo tunajua kilichofanyika, ingawa ilichukua nusu karne kukijua. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, alitoa mwongozo kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaumbua polisi, wanajeshi na watoa habari wake. Faili zikagawanywa. Zile za siri zilizoitwa Watch ziliruhusiwa kushikwa na maofisa Wazungu raia wa Uingereza tu. Zile za Legacy ndizo zingeachiwa Waafrika. Nyingine zilichomwa. Nyingine zilisafirishwa kimyakimya. Na ili pengo lisionekane, palipobidi iliandaliwa faili bandia ya kukaa mahali pa ile iliyoondolewa.

Soma hiyo mara ya pili. Walijua kwamba shimo kwenye rafu huuliza maswali, kwa hivyo walilijaza. Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha DC alirithi ofisi iliyoonekana kamili.

Nyaraka zilizosafirishwa zilijitokeza mwaka 2011, baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki serikali ya Uingereza London mwaka 2009. Zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, faili zaidi ya 8,000 kutoka makoloni 37, na takriban 1,500 kati yake zilihusu Kenya. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Faili zilisaidia, lakini kilichozitoa mafichoni ni watu waliokuwa bado wanakumbuka walichofanyiwa, wakakataa kuambiwa kwamba hakuna maandishi.

Mimi sikuwa nimepanga kuyaunganisha mambo haya na kazi yangu. Kazi ndiyo iliyoyaunganisha.

Mwaka jana niliingia kwenye mradi mdogo wa kurekodi wazee wa vijiji vinavyozunguka mji huu wakitaja majina ya zamani ya mipaka: mti gani, kijito gani, jiwe gani, nani alipakana na nani. Mimi nilikuwa wa kunakili na kupanga, kwa msaada wa AI. Kabla ya kurekodi, mwenye mradi alikaa na wazee chini ya mwembe na wakakubaliana jambo moja waziwazi: sauti zao hazitatoka nje ya mradi bila ruhusa ya mwenyewe, au ya familia yake kama ameshatangulia. Nilikuwepo. Mzee mmoja alirudia mara tatu, kisha akauliza kama nimeandika. Niliiandika kwenye SOMA KWANZA, mstari wa nne.

Ilikuwa faili ya pamoja, tuliokuwa tunaitumia watu watano. Asubuhi moja, Jumatatu, nikafungua kikao, msaidizi akasoma kama kawaida, nikamwomba aniorodheshee kazi zilizobaki. Katika orodha kulikuwa na rasimu ya barua kwa kampuni moja ya nje inayonunua rekodi za sauti za lugha za Kiafrika kwa ajili ya kufundishia mashine. Barua nzuri, imepangika, ikieleza ubora wa sauti na idadi ya saa.

Nikamuuliza: na ruhusa ya wazee? Akajibu kwa adabu kwamba katika maelezo ya mradi hakuna sharti linalohusu ruhusa, ila kama lipo angefurahi kulizingatia.

Nikaicheki faili. Mstari wa nne ulikuwa unazungumzia majina ya folda. Hakukuwa na pengo. Mistari ilikuwa imesogea juu, ikakaa vizuri, kama vile hapajawahi kuwa na kitu.

Bahati ni kwamba faili zetu zilikuwa zinatunzwa na Git, programu ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 ili waandishi wa Linux waweze kufuatilia mabadiliko yao. Git haifuti, inaweka kila toleo juu ya lililotangulia, pamoja na tarehe na jina la aliyebadilisha. Nikarudi nyuma nikaona: mstari ulitolewa Ijumaa jioni. Sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja, kusafisha. Sitasema ni nani, na sidhani ilikuwa hila kubwa ya mtu mbaya. Pesa ya mradi ilikuwa imekwisha, mnunuzi alikuwa amepatikana, na mstari ule ulikuwa unasumbua. Nafikiri hata 1932 wengi mle barazani Nairobi walijiona wanasafisha.

Tulizozana siku mbili. Barua haikutumwa. Mstari ulirudi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni yule msaidizi. Hakudanganya. Hakuvunja sheria yoyote aliyoijua. Ijumaa asubuhi angekataa kuandika barua ile, na angenieleza kwa nini. Jumatatu aliiandika kwa moyo mmoja. Ukimuuliza Jumatatu kuhusu Ijumaa, kwake hakuna Ijumaa. Na mimi nilishika jambo hilo kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa chini ya mwembe. Yule mwenzetu aliyeajiriwa wiki ile ile angesoma faili na kuituma barua, na ungemlaumu kwa lipi?

Watu wa mitandaoni wanaofundisha kutumia AI wanazungumza sana kuhusu kasi. Punguza faili, panga vichwa, mradi wote uingie kwa sekunde tano. Nakubaliana nao karibu kwa yote. Kikao kinachoanza kwa nusu saa ya kueleza upya ni pesa inayomwagika, hasa ukiwa unanunua bando kwa siku na stima inaweza kupotea mvua ya alasiri ikianza. Ila ushauri wao wa kupunguza faili nausikia kwa sikio la mtu wa Kakamega. Kila ukipunguza, kuna kitu kinachotoka, na kinachotoka kwanza huwa ni kile kinachosumbua kazi isiende mbio. Masharti. Ahadi kwa watu wasiokuwa kwenye mradi. Sababu za maamuzi, ambazo zinaonekana ndefu hadi siku mtu atakapotaka kuyageuza.

Kwa hivyo nilipanga faili upya. Mambo ya kazi nikayafupisha sana, hata kuliko wanavyoshauri: umefika wapi, kinachofuata, fungua faili gani. Ahadi nikazitoa humo nikaziweka kwenye karatasi yake peke yake, na SOMA KWANZA inamwagiza msaidizi aisome kabla ya kitu kingine. Kila ahadi ina tarehe, ilitolewa kwa nani, wapi, mbele ya nani, na nani tu anaweza kuibadilisha. Haifutwi. Ikibadilika, ya zamani inabaki pale pale na mpya inaandikwa chini yake, ili anayesoma aone zote mbili. Na msaidizi ameagizwa kila kikao kipya alinganishe karatasi hiyo na ya kikao kilichopita, na kama kuna tofauti aniambie kabla ya kazi yoyote. Inachukua tokeni mia kadhaa. Inachukua sekunde.

Najua udhaifu wake. Anayeweza kuifungua faili anaweza pia kulifuta hilo agizo la kulinganisha. Waliokuwa na wazo la kuweka faili bandia kwenye rafu wangenicheka. Ndiyo sababu niliichapa karatasi ya ahadi, nakala kumi na moja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, nikazipeleka kwa boda hadi kwa kila mzee tuliyemrekodi au kwa familia yake. Wawili hawasomi, nikawasomea.

Yule mzee aliyeuliza kama nimeandika alinisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akaniambia nirudie pale pa mpaka wa shamba la baba yake, kwenye maelezo yaliyoambatanishwa. Nikarudia. Akasema nimeandika mukhuyu, na pale hapakuwa na mukhuyu, palikuwa na lusiola, mbili, na moja ilikatwa. Nikasahihisha kwa kalamu kwenye nakala yake, naye akaikunja akaitia ndani ya Biblia. Niliporudi Amalemba jioni nikaingiza sahihisho kwenye faili, na chini yake nikaacha kosa la kwanza lisomeke.